Uzi: Land Rover 109, hita inapuliza baridi kuliko dirishani. Niko Njombe, naombeni msaada

Mbena_Parachichi (mwanzisha uzi), Jumatatu saa 3:40 usiku

Kamwene wakuu.

Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, ile injini ya 2.25, niliyoachiwa na marehemu baba mdogo. Ni ya mwaka 1978. Alikaa nayo Tanga miaka na miaka, alipostaafu akapanda nayo huku juu, na toka hapo haijashuka tena pwani. Chesisi imeshachomelewa mara mbili lakini inapanda popote na mzigo wake.

Shida yangu ni hita. Anayeijua Njombe ya Juni hahitaji maelezo. Saa kumi na moja alfajiri nashusha parachichi Makambako, kioo cha mbele kimejaa ukungu kwa ndani, mkono mmoja uko kwenye usukani, wa pili una kipande cha khanga nafuta. Nikiwasha feni ya hita inavuma vizuri tu, upepo unatoka miguuni na kiooni, ila ni upepo wa friji. Mke wangu huniambia nizime, maana nimemwongezea dirisha lingine.

Nimeona mafundi watatu. Wa kwanza hakufungua hata boneti, akasema hita imekufa tafuta nyingine. Wa pili akasema kwenye Land Rover za zamani hita ni pambo, haijawahi kufanya kazi tangu kiwandani. Wa tatu ametaka laki moja na nusu ashushe dashibodi nzima. Huyo nimemwambia ngoja kwanza niulize.

Spana ninazo, muda ninao Jumapili tu. Nianzie wapi?

Spana_13, Jumatatu saa 4:05 usiku

Pole mkuu. Huyo wa pili usimrudie tena.

Nijibu jambo moja kabla ya yote. Ukishatembea nusu saa, mshale wa joto la injini unasimama wapi?

Mbena_Parachichi

Chini kabisa, unagusa C na kupita kidogo. Hata nikipanda mlima na gunia thelathini haupandi. Baba mdogo alikuwa anajisifu kwamba gari lake halijawahi kuchemka toka alinunue.

Spana_13

Nilidhani hivyo. Gari lisilopata joto kabisa lina ugonjwa kama lile linalochemka, tofauti ni kwamba halipigi kelele.

Tuelewane kwanza hita ni kitu gani. Kwa gari linalopozwa kwa maji, hita ni rejeta ndogo. Injini inayapasha maji, pampu inayasukuma, mengine yanapitia kwenye hicho kirejeta, feni inapitisha hewa kwenye mapezi yake, hewa inatoka ya moto. Kwa hiyo ukipata baridi, ama injini yenyewe haina joto la kukugawia, ama maji ya moto hayafiki, ama kirejeta kimeziba, ama hewa inapita pembeni bila kugusa kirejeta kwa sababu kile kipande cha bati kinachoielekeza kimekwama. Hakuna ugonjwa wa tano. Feni ikifa hutapata hewa kabisa, na yako inavuma, kwa hiyo tuiache.

Kipimo ni mkono wako. Kesho ukitoka safari, zima injini ili feni ya rejeta isikule vidole, fungua boneti. Kwenye boksi la hita inaingia mipira miwili myembamba, kama nusu inchi hivi. Iguse kwa ncha ya vidole, usiikumbatie. Ikiwa yote miwili ni ya moto, maji yanazunguka vizuri na kosa liko kwenye njia ya hewa. Ikiwa mmoja ni wa moto na mwingine wa baridi, kirejeta kimeziba. Ikiwa yote ni ya baridi, maji hayafiki: koki ya hita, ile ya kufungulia na kufungia maji ya moto yaendayo hita, imefungwa, kuna hewa ndani ya mfumo, au mtu amefanya ujanja wake.

Kifuniko cha rejeta usikiguse gari likiwa la moto. Wewe umesema halipati joto, mimi sikuamini, kwa hiyo usikiguse.

Dereva_Mstaafu

Salaam vijana. Mimi nimeendesha malori na Land Rover tangu mwaka 1981, nipo Dar. Gari langu lolote nikinunua cha kwanza natoa themostati natupa. Hiyo ni kitu ya Ulaya ya kwenye theluji. Sijawahi kuungua gasketi. Huyu kijana asisumbuliwe, atafute hita ya umeme aichomeke kwenye betri.

Spana_13

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hapo nakupinga, na nakupinga kwa sababu nimefungua injini nyingi zilizotolewa themostati.

Themostati ni mlango. Ndani yake kuna nta. Nta ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake mpaka yapate joto. Yakifika nyuzi zilizoandikwa juu yake, 74, 82 au 88, nta inavimba, mlango unafunguka, ndipo maji yanakwenda kwenye rejeta kubwa. Ukiutoa, maji yanakwenda rejeta tangu dakika ya kwanza. Dar hulioni tatizo kwa sababu hewa yenyewe ni ya moto. Njombe alfajiri ya nyuzi 5 injini haipati joto mpaka unafika sokoni.

Na si hita tu inayoumia. Injini ya baridi inakunywa petroli zaidi, petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, na mvuke wa maji unabaki ndani ya injini badala ya kutoka. Mwanzisha uzi, fungua kifuniko unapomiminia oili uangalie kwa ndani. Ukikuta kitu cheupe cheupe kama mtindi, usiogope kwanza kwamba gasketi imeungua na maji yameingia kwenye oili. Mara nyingi ni injini inayoishi kwenye baridi.

Kuna kingine wengi hawakijui. Injini nyingi za zamani, hii ya 2.25 ikiwemo, zina njia ya mkato ya maji kutoka kwenye nyumba ya themostati kurudi kwenye pampu. Themostati ya asili ikifunguka inabana ile njia ya mkato ili maji yote yaende rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, maji mengine hayapiti rejeta kabisa. Ndiyo maana wako watu waliotoa themostati ili gari lisichemke, na likachemka zaidi mlima mrefu ulipokuja.

Dereva_Mstaafu

Marahaba. Sijakubali lakini nimesikia.

Mbena_Parachichi, Jumanne saa 2:15 usiku

Mrejesho. Nimegusa mipira. Yote miwili baridi kama pua ya mbwa. Na kwenye kifuniko cha oili mtindi upo, wa kutosha kutia kwenye ugali.

Mwalimu_wa_Nyuzi, Mbeya

Wakati tunasubiri Jumapili niweke jambo la darasani kidogo, maana linawahusu nyie wa huko juu. Njombe iko kama mita 2,000 juu ya bahari. Kwa mwinuko huo maji hayachemki kwa nyuzi 100, yanachemka kama kwenye 93. Mnaopika maharage mnalijua hilo hata kama hamjalipima.

Sasa mkiweka themostati ya 88 na kifuniko cha rejeta kimechoka hakishiki presha, mmebakiza nyuzi tano tu hadi kuchemka. Kifuniko kizima kinabana mvuke, presha inapanda, na maji yanavumilia mpaka juu ya 105 hata hapo mlipo. Kwa hiyo anayerudisha themostati mlimani abadilishe na kifuniko. Raba yake ya ndani ikiwa ngumu au imepasuka, hicho ni kizibo cha chupa tu. Na kwa Njombe mimi ningechukua ya 82.

504_ya_Timboroa, Kenya

Nasoma kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku Timboroa tuko juu kuliko nyinyi na mimi nina Peugeot 504 pikapu, moja ya zile zilizounganishwa Mombasa. Makanika wetu wana ugonjwa ule ule: gari likikohoa, themostati inatolewa, na mwenye gari hata haambiwi. Yangu ilikuwa hivyo miaka sita. Nilipoirudisha nikagundua pia koki ya hita imeshikwa na kutu ikiwa imefungwa. Niliitia mafuta ya kulegeza kutu, nikaingoja usiku kucha, asubuhi nikaizungusha kidogo kidogo, kwenda na kurudi. Usiilazimishe kwa koleo. Shingo yake ni laini kama sabuni.

504 haina mpinzani kwa barabara mbaya, hilo pia muandike.

Spana_13

Tunaandika kwamba Safari Rally ya 1966 na ya 1967 zilichukuliwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, kwenye Peugeot 404. Yaani hata ushindi wenu wa Peugeot tuliwasaidia.

504_ya_Timboroa

Hiyo ni 404. Nimesema 504. Hiyo ilishinda 1975 na 1978.

Mbena_Parachichi

Wakuu, kioo changu bado kina ukungu.

Mbena_Parachichi, Jumapili saa 12:30 jioni

Nimerudi, mikono haitoki grisi hata kwa majivu.

Nimeanza na nyumba ya themostati pale juu mbele ya injini. Nimemwaga maji nusu kwanza. Bolti mbili zimetoka kwa hiari, ya tatu imekatika kichwa ikabaki shina ndani. Nimeacha kutukana baada ya kama dakika kumi. Nimeinua kifuniko: hakuna kitu. Themostati haipo kabisa. Kilichopo ni gasketi ya karatasi ya boksi iliyokatwa kwa mkasi, ukiitazama vizuri unaona herufi za boksi la sabuni. Spana_13 umeniona toka mbali.

Halafu nikafuata ile mipira ya hita kwa mkono, sentimita kwa sentimita, kama nilivyokuwa nakagua kamba ya mbuzi. Mmoja uko sawa. Wa pili, karibu na unapotokea kwenye injini, klipu iko katikati ya mpira mahali ambapo hapana kiungo chochote. Nikajiuliza klipu inabana nini hapa? Nikaibonyeza: pagumu kama mfupa. Nimelegeza klipu, nikauchomoa mpira, nikaukamua kutoka upande wa pili kama mtu anayetoa dawa ya meno. Ikatoka bolti. Bolti nzima, urefu wa kidole gumba, imevingirishwa mpira wa ndani wa baiskeli na kufungwa uzi wa kushonea viatu. Kutu yake imegeuka maganda maganda, nikiigusa inabaki vidoleni. Sijui imekaa humo miaka mingapi.

Yaani hita ilikuwa imezibwa makusudi, na juu ya hapo injini haikuwa na joto la kuipa. Nani anafanya hivi?

Chuma_Chakavu

Hahaha! Fundi aliyefunga uzi wa viatu huyo alikuwa na moyo. Siku hizi wanaacha bolti tupu.

Dereva_Mstaafu

Bolti si yangu. Nilikuwa sijafika Tanga miaka hiyo.

Solihull_Mswahili, Birmingham

Wadau, Series III zilitengenezwa hapa jirani yangu, Solihull, kuanzia 1971 mpaka 1985, na vipuri vyake bado ni rahisi kupata kuliko vya gari la juzi. Themostati ya 82, gasketi yake na kile kipira cha duara, vyote vinaingia kwenye bahasha. Mwanzisha uzi, kama Dar umekosa niandikie pembeni, kuna ndugu anasafiri mwezi huu.

Ushauri: ukipata themostati yoyote, mpya au ya dukani kwa jirani, usiifunge bila kuipima. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni na kipimajoto. Angalia inaanza kufunguka wapi. Mpya nyingine huja zimekufa kiwandani, na utakuja kuilaumu hita bure. Na kuwa makini upande wa kuiweka: kile kibuyu cha nta kinaangalia injini, siyo rejeta. Nimeona imewekwa kichwa chini, gari likachemka ndani ya kilomita mbili.

Mbena_Parachichi

Asante mkuu. Nimeipata Iringa kwa mzee mmoja mwenye stoo ya vipuri vya zamani, ameifuta vumbi kwa shati lake. Imeandikwa 82. Nimeipima kwenye sufuria ya mke wangu bila ruhusa. Imeanza kufumbua mdomo kwenye 81, ikafunguka yote ikikaribia 90. Ile bolti iliyokatika fundi wa kuchomelea ameitoa kwa kuiwekea nati juu na kuichomea, elfu tano.

Swali: kirejeta cha hita kimekaa miaka yote bila maji kupita. Niunganishe tu moja kwa moja?

Spana_13

Usiunganishe! Humo ndani kuna matope yaliyokauka, ukiyaamsha yatatembea mpaka rejeta kubwa.

Chomoa mipira yote miwili kwenye hita. Chukua mpira wa bustani, uwekee kitambaa pembeni ubane, sukuma maji kwa kinyume, yaani yaingie panapotokea maji. Fungua bomba kidogo tu. Hivi virejeta vya zamani ni shaba iliyotiwa lehemu, presha kubwa inafungua viungo. Yatatoka maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisha ya chai ya rangi. Endelea mpaka yatoke meupe. Yakigoma kupita, jaza siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha saa moja au mawili, sukuma tena. Usitumie soda kali ya kuzibulia choo, inakula lehemu na chochote cha aluminiamu kilicho njiani.

Ukimaliza ziba upande mmoja, jaza maji, subiri uone kama panavuja. Kikivuja mpelekee fundi rejeta akitie lehemu, si kazi kubwa.

Chuma_Chakavu

Hapo kwenye kuvuja nina ushuhuda. Rejeta yangu ilivuja Mikumi, msamaria akanishauri nimwage pakiti mbili za manjano, zile za pilau. Kuvuja kuliacha kweli. Nikafika Morogoro nacheka. Mwezi uliofuata hita haitoi joto, injini inachemka, na gari linanuka biriani. Kirejeta kilikuwa kimejaa uji wa njano, nilikitupa.

504_ya_Timboroa

Wa kwetu wanatia yai. Afadhali manjano.

Mama_Kobe, Lushoto

Samahanini kuingilia uzi wa wenye maji. Mimi nina Volkswagen ya mgongo wa kobe, na nimeona kuna anayeuliza chini huko kama ushauri huu unafaa kwa gari lake. Kwa Volkswagen haufai hata mstari mmoja, na nataka nieleze kwa nini maana iliniponza.

Kobe halina maji wala rejeta. Joto lake linatoka kwenye bomba la moshi: hewa ya feni ya injini inapitishwa kwenye makasha yaliyozunguka mabomba ya moshi, inapata joto, inakuja ndani kupitia mbavu za gari chini ya milango. Vile vijiti kando ya breki ya mkono vinavuta kebo za kufungulia. Sasa bomba la moshi ndani ya kasha likitoboka kwa kutu, moshi unaungana na hewa ya joto unaingia kwako. Ile gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi.

Mwaka juzi nilikuwa natoka Mombo kupanda Lushoto usiku, mvua, vioo vimefungwa, hita imefunguliwa. Nikaanza kuumwa kichwa, nikadhani njaa. Binti yangu kiti cha nyuma akawa hajibu vizuri, anasema maneno ya usingizini. Nilisimama, nikafungua milango yote, tukakaa kwenye mvua. Fundi aliponyanyua gari asubuhi, tundu kwenye kasha la kushoto kidole changu kiliingia. Makasha mapya ni ghali, nimeyanunua moja moja, na hita sikuigusa mpaka yote mawili yalipokamilika.

Kwa hiyo mwenye kobe, ukisikia harufu ya moshi ndani au kichwa kinauma kila ukiwasha hita, funga vijiti, shusha vioo, usisubiri Jumapili.

Spana_13

Ahsante sana mama. Hii ingestahili uzi wake.

Kwa gari la maji dalili za kuangalia ni nyingine: zulia la abiria linalowa bila mvua, harufu tamu tamu ndani, na kioo kinapata utando wa mafuta usiofutika kwa khanga. Hapo kirejeta cha hita kinavuja.

Mbena_Parachichi, Jumapili ya pili, saa 10:20 jioni

Nimeosha kirejeta. Kwanza yalitoka maji meusi, yakaja ya matofali, kikatoka kipande cha kitu kama gome la mti, baada ya hapo maji yakapita kwa furaha. Siki saa moja na nusu. Hakuna panapovuja. Nimeweka mipira mipya, klipu mpya, kifuniko kipya cha rejeta. Koki inacheza baada ya mafuta ya kutu na subira ya usiku mzima kama alivyosema wa Timboroa.

Ila nimewasha, mshale umepanda vizuri mpaka katikati (nimeutazama kama mtu anayetazama mtoto akisimama mara ya kwanza), mpira mmoja wa hita ni moto, wa pili ni baridi. Kirejeta nimekiosha mwenyewe! Kuna nini tena?

Spana_13

Hewa. Umemwaga maji yote, sasa kuna puto la hewa limekaa kwenye hita na maji hayapiti.

Acha injini ipoe kabisa. Paki gari pua ikiwa imeangalia mlimani, huko kwenu hukosi mteremko. Fungua koki ya hita yote, fungua kifuniko cha rejeta, jaza polepole. Legeza klipu ya mpira wa juu wa hita kidogo mpaka hewa iache kupiga chafya na maji yaanze kutoka, kaza. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, iache ikiwa silensa, yaani ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, kamua mipira kwa mkono, ongeza maji kila yanaposhuka. Yakianza kupanda shingoni funga kifuniko.

Na usijaze maji matupu ya mtoni. Tia kulanti ya glaikoli, theluthi moja inatosha kabisa kwa baridi ya Njombe. Kule Kitulo asubuhi maji ya ndoo yanaganda, na maji yakiganda ndani ya injini yanapasua chuma. Inazuia kutu pia. Ila ni sumu na ni tamu, usiache beseni wazi mbwa akanywa.

Mbena_Parachichi, Jumatatu saa 1:50 asubuhi

Nimeandika nikiwa Makambako, mzigo unashushwa.

Saa kumi na moja kasoro nimewasha. Dakika kama kumi mshale umeanza kutembea. Nikafungua koki, nikawasha feni. Kwanza limetoka vumbi, halafu manyoya, halafu majani makavu na maganda ya karanga. Panya walikuwa na nyumba humo. Mke wangu amepiga chafya mpaka kijiji cha pili. Halafu likaja joto. Joto kabisa, miguuni. Kwenye kioo ukungu ulianza kukimbia kutoka chini kwenda juu, pametokea tundu mbili kama macho, zikaungana, nikaona barabara yote. Mke wangu alikuwa amevaa masweta mawili. Tulipofika njia panda amevua yote mawili akaniambia nipunguze huo moto.

Spana_13, Mungu akuzidishie. Na wengine wote, hata wa manjano.

Dereva_Mstaafu

Hongera kijana. Swali dogo kwa Spana_13: hiyo themostati ya lori la zamani, unajua duka Dar? Ni ya rafiki yangu.

Spana_13

Mwambie rafiki yako aniandikie pembeni, shikamoo yake nitaiitikia huko huko.

Mbena_Parachichi, Alhamisi

La mwisho, kuhusu ile bolti. Jana nilikwenda kumsalimia mama mdogo, mjane wa mwenye gari, nikaichukua nikamwonyesha. Ameishika, ameigeuza, akaanza kucheka hadi machozi. Ameikumbuka hata siku yake. Anasema koki ya hita ilikuwa imekwama ikiwa wazi, Tanga, mwezi wa pili. Kila safari maji ya moto yanazunguka miguuni kwake, ndala zake ziliwahi kunata kwenye bati. Akamwambia baba mdogo: ama hiyo hita ama mimi. Koki mpya ilikosekana. Baba mdogo mwenyewe, wala si fundi, alikaa chini ya mwembe akakata mpira wa baiskeli ya mwanawe akaviringisha bolti, na uzi wa viatu aliuomba kwa mshona viatu wa mtaani. Themostati ilitolewa wiki hiyo hiyo, kwa joto la huko hakuna aliyeikosa. Alipohamia huku alishasahau vyote viwili, na mama mdogo anasema siku ya kwanza alfajiri Njombe alilalamika sana juu ya hita za Waingereza.

Bolti nimeirudisha kwenye kisanduku cha spana, na uzi wake. Desemba nina mzigo wa kupeleka Tanga, na ile koki sijaiamini sana.